Kete Aliyoigusa Pamba

Mkwe wangu alipoingia nyumbani kwetu alikuja na begi la nguo, sufuria mbili, na ubao wa sataranji aliokuwa ameubana kwapani, umefungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli ili kete zisimwagike. Nilimtazama kutoka mlangoni nikasema kimoyomoyo: huyu mwanangu ameoa, au ameleta mwanafunzi?

Ubao ulikuwa wa marehemu baba yake. Mzee yule alikuwa kinyozi, na aliuweka kwenye benchi la kusubiria ili wateja wasigombee zamu. Binti yake alikulia kwenye benchi hilo. Alicheza na yeyote aliyekuja kunyolewa. Mtu akiitwa kitini kabla mchezo haujaisha, binti aliuendeleza peke yake, pande zote mbili, mpaka mteja anashuka na kichwa kinang'aa, anaambiwa, "Umeshinda." Au, mara nyingi zaidi, "Pole, umefungwa."

Mimi shule niliiacha mapema na si mtu wa kuandika. Lakini nimeishi na binti huyu nyumba moja, nimeitazama mikono yake asubuhi na jioni, na naona si haki watu wamjue kwa nywele tu.

Mtaani wanamwita Pamba. Jina hilo hatukumpa sisi, walimpa wateja. Msusi wa kawaida akikukaza nywele unatoka na macho yamevutwa kama umeona jini, na usiku unalala kifudifudi. Pamba akikusuka, unasinzia. Kazi hiyo alifundishwa na binti yangu mwenyewe, ambaye naye wateja walishambatiza Kasuku, na sina haja ya kueleza kwa nini. Kasuku ndiye mwenye saluni. Ni chumba chetu cha mbele, tulichokitoboa mlango wa kutokea barabarani: kioo kimoja kikubwa chenye ufa kwenye kona, kiti kimoja cha mteja, stuli mbili, ndoo ya vitana, na kamba ya kuanikia taulo.

Wote wawili wanaitana wifi, kama inavyopaswa, maana mmoja ni dada wa mume na mwingine ni mke wa kaka. Kwetu sote neno hilo lina vita ndani yake. Nilikaa mwaka mzima nikisubiri vita hiyo. Nilikuwa nikisikia kitu kimeanguka saluni nakimbia, nadhani wamerushiana machanuo. Nafika nakuta taulo.

Kilichowaunganisha ni kusuka kichwa kimoja watu wawili. Mteja mwenye haraka, hasa manesi wanaowahi zamu, hukaa katikati. Kasuku anasimama kulia, Pamba kushoto. Kichwa kinagawanywa katikati kwa mstari mmoja, kisha kila mmoja anakwenda na upande wake. Kasuku ndiye anayeongoza: anapasua mstari, anasuka, anapindisha. Pamba hamtazami yeye wala hatazami kichwa. Anatazama kioo, na mkono wake unafanya kile kilekile upande wa pili. Ukiingia ghafla unaweza kudhani ni mtu mmoja mwenye mikono minne.

Kazi hiyo ina sheria yake, na Kasuku alimfundisha Pamba siku ya kwanza kabisa: mwenzako akikosea, usimwambie, usifumue. Rudia kosa lake upande wako. Kosa likiwa moja ni aibu, yakiwa mawili ni mtindo.

Niliiona sheria hiyo ikifanya kazi. Siku moja alikuja karani wa mahakama, mama mkali, haoni aibu kurudisha kichwa kama mtu anavyorudisha viatu dukani. Kasuku alikuwa katikati ya hadithi zake, mkono ukamponyoka, mstari ukapinda juu ya sikio kama njia ya mlevi. Akanyamaza. Kasuku akinyamaza, ujue kuna jambo. Nikaona Pamba anatazama kioo, na bila hata kuvuta pumzi akaupindisha mstari wake vilevile, juu ya sikio la pili. Karani akajigeuza huku na huku.

"Huu mnauitaje?"

"Huo mpya," Pamba akasema.

Wiki iliyofuata walikuja wenzake wawili wa ofisini, wanataka huohuo.

Sasa nirudi kwenye ubao. Wateja wakiwa hakuna, Pamba alikuwa akiutandika juu ya stuli na kumfundisha wifi yake. Kasuku alifungwa na kufungwa na kufungwa. Kila akifungwa alipiga kelele mpaka muuza vocha wa ng'ambo ya barabara anauliza kama tumevamiwa. Mwanangu, fundi wa friji, akirudi kazini akiwakuta wameinamia kete alikuwa anasema, "Jamani, mimi ni nani katika nyumba hii? Nikajipakulie?"

"Jipakulie, na utuletee," Kasuku anamjibu.

Kidogo kidogo Kasuku akaanza kushinda. Hakushinda sana, lakini alishinda. Ndipo siku moja mzee mmoja mstaafu wa posta akamleta mkewe kusukwa, akaona ubao, akaomba acheze na Pamba wakati anasubiri. Akafungwa kabla mkewe hajamaliza kuchanwa. Akaomba tena. Mkewe alisukwa, akakaushwa, akapakwa mafuta, akalipa, akaondoka kwenda sokoni, mzee bado yuko kwenye stuli anakuna kidevu. Huyo mzee, ambaye sote tunamwita Posta, ndiye aliyewapeleka kwenye klabu ya sataranji ya mji wetu.

Klabu ile kila mwaka huchagua timu ya kwenda kushindana ng'ambo, na katika timu kuna kiti kimoja cha mwanamke. Anayemaliza juu ya wanawake wenzake kwenye mashindano ya mji ndiye anayekikalia. Mwaka wa kwanza Pamba alikuwa anaongoza, akashikwa na uchungu wa mjukuu wangu siku ya mchezo wa mwisho. Mwaka uliofuata nilianguka kwenye ngazi ya uani nikavunja mguu. Nilikuwa siwezi hata kwenda msalani. Kasuku alibaki na saluni, na Pamba akabaki na mimi. Alinigeuza, akaniogesha, akanisuka nikiwa nimelala. Mashindano yalianza na kuisha, naye hakuyataja. Posta, alipokuja kunipa pole, ndiye aliyeropoka.

Nilimuuliza, "Mwanangu, mbona hukusema?"

"Ningesema nini, mama? Mguu ungeunga haraka?"

Ila nikamuuliza tena, siku nyingine, akiwa anafua, kwamba huko ng'ambo anatafuta nini hasa. Fedha hakuna, kikombe hakuna. Alikamua shuka lote kwanza, ndipo akajibu.

"Baba nilijua mikono yake. Wifi najua mikono yake. Mzee Posta, na hao wa klabu, wote nawajua, mtu akinyanyua mkono najua anakwenda wapi. Nataka niketi mara moja tu mbele ya mtu ambaye mikono yake siijui. Nione kama kweli naweza, au nimezoea tu."

Tangu siku hiyo nikawa nakitaka kiti kile kuliko yeye. Nilikuwa nikiamka nakiwaza.

Mwaka huu hakukuwa na uchungu wa kujifungua wala mguu. Nilishuka kila ngazi nimeshika ukuta. Mashindano yakaenda wikendi baada ya wikendi katika bwalo la chuo cha ufundi, na kilichotokea ndicho nilichokuwa nakiogopa kuliko ngazi: mpaka mchezo wa mwisho, waliobaki juu ni wawili, na hao wawili ni wangu. Kasuku alimzidi Pamba nusu pointi. Wakitoka sare, Kasuku anakwenda. Pamba lazima ashinde. Hakukuwa na njia nyingine.

Asubuhi ile Kasuku alikuwa anajipaka mafuta mikononi, akaniangalia kupitia kioo.

"Haya mama, leo unashangilia nani?"

"Nashangilia mwamuzi."

"Usikwepe! Niliyetoka tumboni mwako ni mimi."

"Na mimi ndiye niliyekuogesha," Pamba akasema kutoka uani, na ndiyo mara ya kwanza kumsikia akitania kabla ya chai. Kasuku akacheka mpaka akakaa chini. Mwanangu akasema yeye hatakuja, ana friji la bucha linavuja. Lakini nilijua ni uoga, maana ameurithi kwangu.

Wakaondoka pamoja, wameshikana mikono kama siku zote. Mimi nyuma yao nikiwaza: watarudi hivyohivyo?

Bwalo lilikuwa na meza ndefu zilizofunikwa vitambaa vya plastiki, na feni moja juu inayolia kila ikizunguka, ambayo niliikagua nikahakikisha siketi chini yake. Watazamaji tulitengwa kwa kamba. Mwamuzi, mwalimu wa hesabu, mrefu, viatu vyake havitoi sauti. Alisoma masharti: hakuna kuongea, simu zimezimwa, na kete ukiigusa uiendeshe. Sharti hilo la mwisho nalijua hata mimi. Mkono ukishagusa kete yako, hata kwa bahati mbaya, lazima uichukue hiyohiyo, huna ruhusa ya kubadili nia.

Posta alikaa kando yangu. Aliniambia atanitafsiria kwa sauti ya chini. Sauti ya chini ya mtu aliyeita namba za vifurushi maisha yake yote, fikiria mwenyewe.

Kasuku alipewa kete nyeupe, kwa hiyo alianza. Hakusukuma askari wa katikati kama nilivyozoea kuwaona wengi wakifanya. Alichukua askari wa pembeni kidogo, aliye mbele ya askofu, akampeleka hatua mbili. Pamba akafanya vilevile upande wake. Kasuku akafungua njia kwa askofu wa upande wa pili. Pamba vilevile. Kasuku akamweka askofu huyo kona, anautazama ubao mzima kwa mshazari, kama mzee anayechungulia dirishani. Pamba naye akamweka wa kwake.

"Wanaanzia pembeni," Posta akanong'ona. "Wengine hukimbilia katikati wakagongana. Hawa wanazunguka ukuta kwanza."

Farasi, farasi. Askari, askari. Nikasogea mbele ya kiti, maana nilikuwa nimeshaliona jambo lile mahali. Ile haikuwa sataranji, ilikuwa saluni. Kasuku yuko kulia anapasua mistari, Pamba yuko kushoto anatazama kioo.

"Mzee Posta, si huyu anatakiwa kushinda? Mbona anamuiga?"

"Anayefuata anaona zaidi ya anayeongoza. Kasuku anataka kioo kisivunjike, kioo ni sare, na sare inamtosha. Pamba anasubiri. Ila lazima ajue pa kuacha kufuata, mama. Akichelewa hatua moja, kioo kinamwangukia yeye."

Mwamuzi akageuka akatutazama. Posta akajifanya anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa makubazi.

Wakaendelea. Nilimtazama Kasuku usoni, nikaona ameanza kuchangamka. Nawajua watoto wangu. Kasuku akichangamka ndipo anapokosea, iwe kwenye nywele iwe kwenye chumvi. Alikuwa na askofu wa pili, amemweka nyuma ya farasi wake kama mlinzi wa getini. Bila ya kufikiri sana akamnyanyua mlinzi huyo, akamrusha mbele kwenda kutishia upande wa Pamba. Akabonyeza saa ya mezani, na dakika za Pamba zikaanza kuhesabiwa.

Posta akavuta pumzi kwa meno. Sikuhitaji kutafsiriwa. Farasi wa Kasuku alibaki peke yake, na kule kona, askofu wa Pamba alikuwa anamtazama moja kwa moja, hakuna kitu kati yao. Ni kumla tu. Farasi wa bure, na kwa wachezaji wa kiwango chao farasi wa bure ni mchezo wote. Ni kiti cha ng'ambo.

Kasuku naye akaona. Nilijua kwa sababu alifunga mdomo.

Na hapo nikauona mkono wa Pamba unanyanyuka. Nilitaka kupiga kelele. Mkono haukwenda kwa askofu wa kona. Ulikwenda kwa mlinzi wake mwenyewe, yule aliyesimama nyuma ya farasi wake vilevile kama wa Kasuku. Ulikwenda taratibu, kwa ule upole wake, kama unavyokwenda kupindisha mstari juu ya sikio la pili. Vidole viwili vikatua juu ya kichwa cha askofu yule. Kisha vikaruka kama vimegusa pasi ya moto.

Mwamuzi alikuwa meza nyingine. Posta alikuwa anapangusa miwani. Katika bwalo zima tulioona tulikuwa watatu: mimi, Kasuku, na mwenye mkono.

Pamba aliiweka mikono yote miwili mapajani. Akautazama ubao. Saa yake inakwenda. Nami nikajikuta namwomba, sitaficha: mwanangu, nyamaza. Hakuna aliyeona. Mle farasi, uende zako.

"Nimegusa," Pamba akasema.

Kasuku alikuwa anaangalia dirishani. "Umegusa nini? Mimi nilikuwa naangalia saa."

"Wifi."

"Sikuona kitu mimi. Cheza."

"Nimemgusa askofu."

Nilimzaa Kasuku mimi, na kwa maisha yangu yote nimemwona akigombea kila kitu, mpaka upande wa kitanda. Siku ile alikuwa anamsukumia mwenzake farasi na kiti cha ng'ambo kwa mpigo mmoja, kwa uongo ambao hata kuusema hajui, macho yote dirishani. Na mwenzake anaurudisha. Sikujua nimwonee fahari nani.

Mwamuzi akasikia sauti, akaja bila viatu kulia. "Kuna nini hapa?"

"Nimegusa kete hii," Pamba akamwambia. "Sijaiendesha bado."

"Basi utaiendesha hiyo."

"Ndiyo, mwalimu."

Posta alivaa miwani na kuniuliza kumetokea nini. Nilipomwambia, aliivua tena. "Basi," akasema. "Farasi wa bure ameponyoka. Na mlinzi akiondoka pale, farasi wa Pamba naye anabaki uchi. Akimrusha mbele kama alivyofanya Kasuku, Kasuku ndiye atakayekula kwanza. Basi, basi."

Pamba alikaa. Mtu asiyemjua angesema amesinzia. Mimi nilikuwa nimeona sura ile kitandani kwangu, mwaka wa mguu, siku nilipokuwa nimelala vibaya, naye anatafuta jinsi ya kunigeuza bila kuniumiza: anatazama, hagusi, anatazama. Saa ilimla. Feni ililia. Hatimaye akamchukua askofu yule aliyemgusa, na badala ya kumpeleka mbele, akamrudisha nyuma. Hatua moja ya mshazari, akamweka kando ya malkia, mahali ambapo hakuna anayemweka askofu kwa hiari yake.

Kijana mmoja nyuma yetu akacheka. Posta hakucheka. Alinyoosha shingo, akahesabu kitu kwa kidole hewani, kisha akanishika mkono mpaka bangili ikaniumiza.

"Ah-ah. Ngoja. Ngoja kwanza, mama. Kutoka pale bado anamwona farasi wake! Kwa mbali, lakini anamlinda. Na farasi wa Kasuku bado yuko uchi. Kasuku itabidi arudi kufunga mlango wake."

Kasuku alirudi. Hakuwa na la kufanya. Askofu aliyekwenda kutamba akarudishwa alikotoka. Na hapo hata mimi wa madarasa machache nilielewa: mambo yalikuwa karibu yaleyale ya mwanzo, kioo kilekile, ila zamu ilikuwa ya Pamba. Kwa mara ya kwanza tangu waanze kusuka kichwa kimoja kwa mikono minne, Pamba ndiye aliyekuwa anapasua mstari, na Kasuku ndiye anayetafuta pa kufuata.

Pamba akasukuma askari. Kasuku akafikiri sana. Pamba akamfungulia ngome njia. Kasuku akafuta mikono kwenye sketi, akainama mbele.

"Wifi. Sare?"

Hilo linaruhusiwa, Posta alinieleza; mchezaji anaweza kumwomba mwenzake sare. Na sare ingemaliza kila kitu hapohapo, kiti kingekuwa cha Kasuku na nyumba yangu ingekuwa na amani. Hapakuwa na hila katika sauti yake. Alikuwa amechoka.

Pamba akamtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu wakae. Akatabasamu.

"Hapana, wifi. Tucheze."

Ulikuwa mchezo mrefu. Meza nyingine ziliisha, watu wakaja kujazana kwenye kamba yetu, yule kijana aliyecheka akiwa mbele kabisa. Sitadai niliuelewa wote. Kete zililana, ubao ukawa mtupu kama chumba kilichohamwa: wafalme wawili, askari wachache. Kasuku alipigana. Nataka hilo liandikwe pia, alipigana kama mwanangu. Lakini Pamba alikuwa na askari mmoja wa ukingoni ambaye alikuwa anatembea, hatua moja, anapumzika, hatua moja, na mfalme wa Kasuku akimkimbilia kila mara anakuta mlango umefungwa sasa hivi. Askari alipobakiza hatua moja kufika mwisho na kuwa malkia, Kasuku alimlaza mfalme wake chini, taratibu, akamnyooshea wifi yake mkono.

Watu walipiga makofi. Mwamuzi hakuwakataza. Kasuku alisimama, akatoka nje kwa mwendo wa haraka, na mimi huyo nyuma yake na mguu wangu mbovu. Nilimkuta kwenye bomba la chuo ananawa uso.

"Mama, usinifuate. Sijafiwa."

"Nimekuja kunywa maji."

"Kunywa basi." Akanisogezea bomba. Akapenga kamasi. "Angenyamaza tu, akamla farasi wangu, tungekuwa tumeshafika nyumbani. Amenichosha bure, mwanamke yule."

"Uliona alivyogusa?"

"Mama! Nimesimama upande wa pili wa mikono ile miaka yote hii, nisione?" Akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. "Alikuwa anakuja kunisitiri. Alidhani niko saluni."

Pamba alikuwa amesimama mlangoni, ubao wa baba yake kwapani, hajui kama aje au asije. Kasuku akamwona.

"Njoo hapa, mwizi wa viti! Utaniletea nini huko uendako?"

"Nitakuletea mtindo," Pamba akasema.

Walirudi nyumbani wameshikana mikono. Mimi nyuma yao, nikikanyaga kwa uangalifu.

Usiku huo huo habari ilikuwa imefika kote, na kesho yake jirani mmoja mwenye ulimi aliniuliza ninajisikiaje mkwe kumshinda binti wa tumboni. Nilimjibu kwamba kwetu hatuna upande wa tumboni na upande wa mlangoni. Nilijishangaa nilivyolisema bila kutetemeka.

Jana, kabla ya safari, waliniweka kwenye kiti cha saluni wote wawili. Kasuku kulia, Pamba kushoto, mimi katikati natazama kioo chenye ufa. Pamba alikuwa ameshafunga begi, na mimi nilikuwa nimeshalifungua na kulifunga tena mara kadhaa kuona kama koti limo. Kasuku alikuwa anasimulia jambo la muuza vocha na mke wake. Katikati ya hadithi nikausikia mstari wake unapinda juu ya sikio langu, kuupinda hasa, kwa makusudi, kama njia ya mlevi.

Akanyamaza. Akamtazama mwenzake kwenye kioo, nyusi juu.

"Haya, fuata basi. Au siku hizi unarudi nyuma?"

Nilikisikia kitana cha Pamba kikitua kwenye ngozi yangu, bila uzito, upande wa kushoto, kikapinda palepale.